Ripoti Mbili za Shangingi Jipya

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai la mafuta machafu nikaambiwa niyanuse. Ilikuwa karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini, na Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Alikuwa amefungua nati ya chini ya giaboksi ya lori, mafuta yakashuka karaini mazito kama uji wa ulezi. Nilidhani anapima kama binti aliyetoka chuo cha ufundi ataona kinyaa. Nikachovya vidole.

"Yanasema nini?" akauliza.

"Ni machafu, mzee."

"Kwamba ni machafu hata mpika chai wetu anaona. Nimekuuliza yanasema nini."

Akanifundisha palepale. Yakiwa na harufu ya kuungua, kuna vitu vinasuguana pasipotakiwa. Ukiyasugua kati ya vidole ukasikia mchanga, gia zinatafunana au beringi imekwisha. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Dereva wa lori lile alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Mimi, kwa kutaka kuonyesha kwamba nimesoma, nikasema pengine huyu habonyezi klachi mpaka mwisho anapobadili gia.

Fundi Mkuu akaacha kufuta mikono.

"Binti, hapa kwangu dereva analaumiwa mwisho. Anza na mafuta, nenda kwenye beringi, nenda kwenye krosi, nenda kwenye difu, nenda mpaka kwenye tairi linalogusa ardhi. Ukikuta vyote vizima, ndipo umgeukie mtu. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Kwa sababu gari halina watoto."

Katika miaka yangu yote ya kazi, maneno hayo niliyasahau mara moja tu, na mara hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Anayetaka kumbukumbu za bibi mstaafu anayecheka na mambo ya zamani amtafute mwingine. Mimi nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

Kutoka kiwanda cha pamba nilihamia karakana ya halmashauri, Kahama, nikapanga chumba Nyasubi, mtaa ambao mpaka leo ndio nyumbani kwangu. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa mafaili. Kila spana ilichorwa ukutani kwa rangi nyekundu ili ikikosekana ionekane. Magari ya idara tuliyoyahudumia yalikuwa yale ya zamani yenye viwiko viwili vya gia. Kile kirefu kilikuwa cha mwendo wa kawaida. Kile kifupi kiliunganisha magurudumu ya mbele ili yote manne yasukume. Katikati ya gari hukaa transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Dereva aliyetaka magurudumu manne alishuka, akazungusha vifuniko vya magurudumu ya mbele kwa mkono, mara nyingi akiwa ndani ya matope mpaka magotini. Alijua alichofanya kwa sababu alikilipia kwa viatu vyake.

Kwa kuwa magari yale yalisukumwa na magurudumu mawili tu karibu maisha yao yote, hayakujali matairi yanayotofautiana. Ungeweza kuweka tairi jipya hapa na kipara pale, gari likaenda Masumbwe na kurudi bila kulalamika. Shikeni hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Hapo halmashauri matairi yalikuwa yanapotea. Dereva angesema amepasukiwa na mawili, akachukua mapya mawili, moja likaonekana sokoni kabla ya Ijumaa. Nikapendekeza kanuni fupi: lete tairi moja bovu, chukua tairi moja jipya. Halijaletwa bovu, hakitoki kitu.

Mkuu wa Karakana alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Kabula, hii ni akili ya jikoni! Hakuna sahani mpya mpaka turudishiwe vigae."

"Akili ya jikoni ndiyo inayokulisha, Mkuu," nikamjibu.

Kanuni ikapigwa chapa, ikabandikwa stoo, na wizi ukakoma. Nilijivunia karatasi ile. Nilipoajiriwa na kampuni ya kuchoronga miamba katika ukanda wa dhahabu wa Geita, nikiwa msimamizi wa karakana, niliibeba kwenye mkoba wangu pamoja na vyeti. Kule mawe ya barabarani yana makali kama chupa iliyovunjika, yanachana tairi ubavuni bila huruma. Wiki haikupita bila mtu kuleta tairi bovu. Mtunza stoo alibandika kanuni yangu ukutani, na chini yake aliandika jina langu kwa kalamu nene.

Ndipo likaja shangingi.

Lilikuwa jipya kabisa, la Meneja Mkazi, mkuu wetu pale kambini. Lilishushwa kutoka kwenye lori la kubebea magari huku watu wameacha kazi kutazama. Wachimbaji wadogo waliokuwa getini walilishangilia kwa utani wao.

"Hilo likitumbukia duarani litatoka na mawe ya dhahabu lenyewe!" mmoja akapiga kelele. Duara ni shimo lao la kuchimbia.

"Litoke na wewe kwanza," mwenzake akamjibu, "maana tangu Jumatatu hujatoa hata kokoto."

Nilifungua mlango. Halikuwa na kiwiko kirefu wala kifupi, ila kitufe cha duara cha kuzungusha. Nikalala chini nikalitazama tumboni. Giaboksi ya otomatiki haikuwa hata na kijiti cha kupimia mafuta. Nikajua kwamba gari hili ni geni kwangu, na fundi anayekutana na gari geni huomba kitabu chake. Nikaenda kwa Meneja wa Usafirishaji, bwana nadhifu kutoka Dar es Salaam, ambaye magari yote na madereva wote walikuwa chini yake.

"Kitabu?" akasema. "Mama, kile kitabu ni sehemu ya gari. Kikiingia grisi, siku ya kuliuza litashuka hadhi. Wewe una uzoefu, tumia uzoefu."

Akakifungia kabatini kikiwa ndani ya nailoni yake. Nilikasirika siku hiyo, ila hasira ya kutosha kunung'unika tu. Nimefanya kazi na watu wanaoacha nailoni kwenye viti vya gari mpaka ipasuke yenyewe. Nikaona ni ugonjwa uleule, nikarudi kwenye kazi zangu.

Dereva wa shangingi aliitwa Masanja, mzaliwa wa Samuye, baba wa watoto wanne, wa kwanza akiitwa Limi. Kabla ya kuja kwetu aliendesha gari la wagonjwa la hospitali ya misheni, na aliendesha kama mtu ambaye bado ana mgonjwa nyuma. Kila gari lina daftari lake, na la kwake lilikuwa safi kuliko yote: mwendo, mafuta, sauti yoyote ngeni.

Miezi michache ilipita. Asubuhi moja akaliegesha mbele ya karakana bila kulizima.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba, Baba Limi. Mbona umeliacha linanguruma?"

"Nataka ulisikie mwenyewe, nisije kuambiwa natunga. Panda."

Tukazunguka uwanja wa kambi polepole, usukani ameukata mpaka mwisho. Gari lilisita, likaruka kidogo, likasita tena. Chini ya miguu yangu nikasikia mngurumo mzito kama jiwe la kusagia.

"Unasikia?" akasema. "Ni kama maksai wawili kwenye nira moja, mmoja ana hatua ndefu, mwingine ana hatua fupi. Wanavutana. Ukilima nao hivyo, nira itavunjika, au shingo."

Nikacheka. Sitaficha hilo. Nilicheka nikamwambia, "Baba Limi, hili si jembe la baba yako."

Na yeye akacheka, kwa adabu, akaandika daftarini maneno yaleyale ya maksai.

Nilimwaga mafuta ya transfa kidogo nikayanusa. Yalikuwa meusi na yameungua. Nikamweleza Meneja wa Usafirishaji, naye akasema gari lina dhamana ya wakala aliyeliuza, tusiliguse. Wiki iliyofuata likamfia Meneja Mkazi njiani, pale Masumbwe, akakaa juani kando ya barabara akisubiri gari la kumvuta. Wakala akaja, akabadili transfa nzima. Likakaa miezi kadhaa, mngurumo ukarudi, Masanja akaandika daftarini, na likafa mara ya pili. Safari hii wakala alikataa. Alituma barua kwamba transfa mbili hazifi hivyo bila matumizi mabaya.

Meneja wa Usafirishaji akaniita ofisini.

"Wakala anasema ni dereva. Nahitaji ripoti ya fundi inayosema vivyo hivyo, ili Meneja Mkazi aone tumechukua hatua."

"Sijajua sababu bado, bosi."

"Umeangalia mafuta?"

"Yameungua, lakini hayo ni matokeo."

"Beringi?"

"Nzima."

"Krosi?"

"Nzima." Krosi ni kile kiungo cha msalaba kwenye mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni.

"Difu?"

"Zote mbili nzima." Hizo ni boksi za gia za katikati ya ekseli, moja mbele, moja nyuma.

"Basi kimebaki nini, Mama, kama si mtu?"

Alinipitisha njia ya Fundi Mkuu bila kuijua, akaruka hatua moja, nami nikaruka naye. Matairi nilikuwa nimeyatazama kwa jicho la juu juu. Maandishi ya ubavuni yalikuwa namba moja kwa yote manne, upepo ulikuwa sawa, nikapita. Nilikuwa na shangingi lililokufa uani, meneja mwenye haraka mbele yangu, na kiburi cha fundi asiyetaka kusema sijui mara ya pili. Nikaandika: hitilafu imetokana na uendeshaji usiofaa. Nikaweka sahihi.

Masanja alifukuzwa wiki hiyohiyo. Nilimkuta getini na begi lake. Hakuniamkia.

"Wewe ulilisikia," alisema.

"Baba Limi, niliandika nilichokiona."

"Hukuandika ulichokisikia."

Akapanda bodaboda akaondoka. Barua aliyopewa ilisema ameharibu gari la kampuni. Kwa dereva, barua kama hiyo ni kufungiwa kazi kila mahali, maana mwajiri wa kwanza atakayemwomba vyeti ataiulizia.

Dereva aliyefuata alichaguliwa na Meneja wa Usafirishaji mwenyewe. Aliendesha kama amebeba trei ya mayai, na mara nyingi Meneja alikaa naye mbele. Baada ya miezi michache, siku moja mchana, nikasikia shangingi likiingia getini na kukata kona kuelekea maegesho. Lilisita, likaruka, likasita. Nikaweka spana chini nikalifuata.

Nililikagua kuanzia chini, na safari hii sikuruka kitu. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limebadilishwa juzi, vinyweleo vya mpira bado vimesimama juu yake. La nyuma kushoto lilikuwa na miezi miwili. Ya mbele yalikuwa yaleyale yaliyokuja na gari, yameanza kulika. Namba ni moja, lakini nilipoyatazama yote manne kwa pamoja, maneno ya Masanja yalinijia kama mtu amenizaba kofi. Hatua ndefu na hatua fupi.

Nikachukua futi ya kamba niliyopewa na binti yangu Kabula, ambaye ni fundi cherehani, nikaizungusha kwenye kila tairi. Kati ya lile jipya na ya mbele tofauti ya mzunguko ilikuwa upana wa vidole viwili. Sikuridhika. Nikapiga alama ya chaki chini kabisa ya kila tairi, nikawaambia mafundi walisukume gari mbele, mstari mnyoofu, mizunguko kumi. Liliposimama, chaki za mbele zilikuwa zimeshaipita ardhi na kuanza kupanda, ile ya tairi jipya bado haijafika chini. Mafundi waliinama kuzitazama chaki. Hata mpishi aliyekuwa amekuja kuchungulia alielewa.

Kwenye magari yetu ya zamani jambo hilo halina uzito. Kwenye shangingi lile, transfa ina sahani nyembamba nyingi zinazobanana ili kugawa nguvu mbele na nyuma wakati wote, dereva apende asipende. Magurudumu yasipozunguka sawa, sahani zinasuguana hata kwenye lami iliyonyooka, kutoka Geita mpaka Kahama na kurudi, mpaka mafuta yanaungua. Wala dereva hana kiwiko cha kulizuia. Na kila tairi lililobadilishwa peke yake lilitoka stoo kwa karatasi moja, yenye jina langu.

Nilikwenda kwa Meneja wa Usafirishaji na mikono yangu yenye grisi.

"Nataka kitabu."

"Mama, tulishaongea..."

"Sitoki humu bila kitabu."

Alifungua kabati. Nailoni nilichana mimi. Haikuchukua muda. Kulikuwa na ukurasa wenye picha ya magurudumu manne na onyo ndani ya kisanduku: matairi yote manne yawe ya aina moja na yaliyolika sawa, vinginevyo mfumo wa magurudumu manne utaharibika. Hata asiyejua kusoma angeielewa picha ile. Ilikuwa imekaa hatua sita kutoka kwenye kiti chake tangu siku gari lilipokuja.

Alisoma, akafunga kitabu taratibu.

"Sawa. Tutabadili yote manne."

"Na Masanja?"

"Masanja ameshaondoka."

"Aitwe. Aandikiwe kwamba hakukosa."

Akaegemea kiti. "Mama Kabula, ile kanuni ya tairi pale stoo ina jina la nani?"

"Langu."

"Na ripoti ya dereva ina sahihi ya nani? Umebakiza wiki chache ustaafu. Nenda nyumbani na jina zuri."

Nilirudi karakana nikaandika ripoti ya pili. Niliandika kanuni ilitoka kwangu, kitabu kilifungiwa kabatini, matairi yalitofautiana, na dereva aliueleza ugonjwa huu kwa usahihi kwa mfano wa maksai, fundi akacheka. Nikampelekea. Akaisoma mpaka mwisho, akaiweka kwenye droo, na siku zikapita bila neno.

Siku ya kuniaga walipika pilau, wakaleta soda, wakanivisha mgolole. Meneja Mkazi alikuwepo, na wafanyakazi wote. Meneja wa Usafirishaji akasimama kunisifu, na kati ya yote ya kusifia akachagua kanuni ya tairi. "Tangu Mama Kabula aje," alisema, "hakuna tairi hata moja lililopotea!" Wakapiga makofi.

Niliposimama kushukuru, nilitoa nakala ya ripoti ya pili kwenye mkoba nikaisoma yote, bila kuruka jina la mtu, langu likiwa la kwanza. Nilipomaliza, Meneja Mkazi aliuliza, "Dereva huyo yuko wapi sasa?"

"Samuye," nikasema. "Anachunga ng'ombe wa baba mkwe wake."

Barua ya kumsafisha iliandikwa kesho yake, nikaomba niipeleke mwenyewe. Kurudishwa kazini hakurudishwa, maana kiti chake kilikuwa na mtu. Meneja wa Usafirishaji hakupewa hata onyo. Miezi miwili baadaye nilisikia amepandishwa cheo, amehamishiwa kambi kubwa zaidi.

Nilimkuta Masanja kwenye zizi, fimbo mkononi.

"Mwangaluka, Baba Limi," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Alipokea barua, akaisoma amesimama. "Inasema sikukosa. Haisemi nani alikosa."

Nikampa ripoti ya pili. Aliisoma polepole, na alipofika karibu na mwisho akanitazama.

"Umeandika na kicheko?"

"Nimekiandika."

Akazikunja zote mbili, akaziweka kwenye mfuko wa shati, akaenda kufungua lango la zizi. Sikukaribishwa kuketi, na sikustahili.

Sasa vijana wananijia hapa Nyasubi na vifaa vyao vya kusoma makosa ya gari kwenye simu. Ni vifaa vizuri, ningevitaka enzi zangu. Lakini kifaa kikisema transfa imepata joto, wananiambia palepale, "Bibi, dereva huyu anaua gari." Ninawauliza kama wamepima matairi kwa futi. Ninawauliza kitabu cha gari kiko wapi, na mara nyingi kiko kabatini kwa bosi, ndani ya nailoni. Basi nafoka. Kitabu kikae ndani ya gari, kichafuke, kichanike, kisomwe. Na dereva akikuelezea kwa lugha ya ng'ombe, nyamaza usikilize, maana yeye ndiye aliyekaa juu ya ugonjwa huo siku nzima.

Kwa ile barua ya kumsafisha, Masanja alipata lori la mchele la tajiri mmoja wa Kahama. Linapita barabara ya kwetu mara mbili kwa wiki. Likifika usawa wa nyumba yangu anapiga honi mara moja. Hashuki.